Seva Iliyovishwa Nailoni

Pale hospitalini walimwita fundi wa kompyuta Subiri Kidogo, na jina hilo lilikuwa dhihaka tupu. Ukimpigia simu kwamba printa imegoma, anajibu "subiri kidogo," na kabla hujaweka simu chini yuko mlangoni, bisibisi mdomoni, ameshachomoa waya ambao haukuwa na kosa lolote. Chai aliinywa akitembea, nusu yake ikaishia kwenye shati. Akiketi, goti la kulia lilicheza kama cherehani, meza ikacheza nalo, na kalamu za wenzake zikaanguka moja baada ya nyingine.

Utawala ulikuwa umemweka kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu kwa miaka kumi na moja. Kila robo ya mwaka ilipokwisha, hakujua kama kesho yake ataingia getini kwa kitambulisho cha kazi au kwa cheti cha mgonjwa. Labda goti lilianzia hapo.

Basi ikaja seva: kompyuta kubwa ya kutunza mafaili ya wagonjwa wote, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechakaa hadi inawasajili wazee wa henia kwenye wodi ya wazazi. Mkurugenzi akamwita ofisini.

"Alhamisi saa nne mgeni rasmi anazindua. Nikikuta mashine inafanya kazi, barua yako ya ajira ya kudumu naisaini siku hiyo hiyo. Nikikuta haifanyi…" Akafunika kalamu yake. Kifuniko kikalia *tiki*.

"Nimekuelewa, bosi."

"Na ile plastiki isiguswe. Mgeni ndiye ataibandua. Watu wa picha watakuwepo."

Plastiki yenyewe ilikuwa kazi ya mtunza stoo, mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Namba kwa kuwa hakuna kitu kilichopita mikononi mwake bila kubandikwa namba, hata ndoo ya kudekia. Aliifungua seva kwenye boksi, akaibandika namba, kisha akaivika nailoni angavu uso wote wa mbele, kona zimekunjwa kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Juu akafunga utepe mwekundu. Kikokotoo chake mwenyewe kilikuwa mwaka wa tisa ndani ya plastiki ya dukani. Kitufe cha saba kilishafutika, akawa anakikisia.

Subiri Kidogo hakuona kosa. Hata kwake rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya mfuko, na makochi hayajawahi kuvuliwa nailoni tangu yashushwe kwenye gari. Kitu kipya ni kipya mpaka ukivue.

Jumanne saa tatu asubuhi akachomeka flashi yenye mfumo endeshi, ile programu kuu ambayo bila yake seva ni bati tu lenye taa. Feni zikavuma. Asilimia kumi. Thelathini. Sitini na tatu. Kisha *pu*, kimya, taa zote zimezimika.

"Subiri kidogo," aliiambia, akaiwasha tena.

Seva hiyo, kila ikiwashwa, ilikuwa na tabia ya kujikagua kwa dakika nne, ikiandika mistari myeupe kwenye skrini. Dakika nne! Kwa muda huo yeye angeweza kubadilisha wino wa printa, kugombana na mtu wa maabara na kupatana naye. Alijua kitufe cha kuruka ukaguzi, na alikibonyeza kila mara.

Safari ya pili ilifia kwenye arobaini na moja. Ya tatu, kumi na nane.

Akabadilisha flashi. Akahamisha waya kwenye soketi nyingine. Akafungua mfuniko wa juu, akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavipuliza na kuvirudisha kimoja kimoja. Akachomoa diski nazo kwa upande wa nyuma, akazipanga upya. Mzee Namba alikuwa ameleta kigoda, amekaa anaangalia nailoni yake.

"Angalia kona hiyo, umeikwaruza."

"Mzee wangu, mashine inakufa, wewe unalia na kona?"

"Mashine ni yako. Kona nimeisaini mimi."

Usiku Subiri Kidogo alilala kama samaki kwenye kikaango, akigeuka kila upande. Jumatano asubuhi akaanza upya: asilimia sitini. Jaribio lililofuata, thelathini na nane. Kisha kumi na tano. Akainyooshea kidole.

"Wewe asubuhi unajitahidi, ikikaribia mchana umekwisha. Nani kakufundisha tabia za humu ndani? Una siku ngapi tu kazini!"

Mzee Namba akacheka mpaka kigoda kikalia. Fundi hakucheka. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Akaweka kiganja nyuma ya seva, akahisi upepo wa moto. Akadhani ndivyo seva zinavyopumua.

Mchana akaenda nyumbani kula, kwa kuwa mkewe alimpigia mara tatu. Alimkuta amepakua. Akaketi kwenye kochi, sahani mapajani, goti linapiga, kijiko kinapiga, wali unaruka.

"Baba Pacha, utakula au unapepeta?"

"Kesho namwaga unga, Mama Pacha. Mashine imenikataa."

"Basi kaa utulie, unachana nailoni."

Alijaribu kutulia. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa. Alikaa dakika moja, mbili, tatu, na hapo ndipo alipohisi kijasho kikimtiririka mgongoni, kikitafuta njia ya kutoka na kukosa, mpaka shati likawa limelowa chepe na mapaja yamegandana na kochi. Akainuka ghafla. Nailoni ikamwachia kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye mguu wenye nywele.

"Inaziba," alisema.

"Nini inaziba?"

"Inavuta hewa kwa mbele! Inatolea nyuma, inavutia mbele! Masikini mashine ya watu, tumeikalisha kwenye kochi!"

Alifika hospitalini akiwa bado ameshika kijiko. Akaiwasha seva, na safari hii hakubonyeza kitufe. Alikalia mikono yake yote miwili. Dakika ya kwanza alihesabu vigae vya sakafu. Ya pili akavihesabu kwa kurudi nyuma. Ya nne, katikati ya mistari myeupe, ukapita mmoja mwekundu: mashine imezimwa kwa usalama, joto limezidi, kagua njia ya hewa upande wa mbele. Mstari huo ulikuwepo tangu Jumanne. Aliuruka mwenyewe mara kumi na moja.

Akanyoosha mkono kwenye utepe. Mzee Namba akasimama mbele yake.

"Plastiki haiguswi. Agizo."

"Mzee, nikikuvisha nailoni puani na mdomoni, halafu nikakutuma ghorofa ya tatu, utafika?"

Mzee alifikiri kwa haki kabisa. "Ghorofa ya pili nitafika," alisema. Kisha akaifungua mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, akailaza kwenye magoti yake ili isipoteze umbo.

Sitini na tatu ikapita. Themanini ikapita. Mia. Mfumo ukakaa, mafaili yakahamia, na Alhamisi saa moja asubuhi dirisha la mapokezi lilikuwa likimsajili kila mtu mahali pake.

Saa nne kasorobo mkurugenzi akaingia, akaiona seva iko uchi.

"Ivisheni."

"Bosi, ikivishwa inazima. Ndiyo iliyokuwa shida."

"Dakika tano tu. Na wewe simama pale mlangoni, usitikisike. Barua iko mezani kwangu, sijaisaini."

Mzee Namba akaivisha, kona kwa kona, bila kumtazama fundi usoni.

Mgeni rasmi alichelewa nusu saa. Alipokuja alianza na salamu, akapita kwenye historia ya tiba, akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyozaliwa. Subiri Kidogo alisimama mlangoni kama alivyoagizwa, goti likigonga mbao. Nyuma ya hotuba feni zilianza kupanda, kwanza kama nyuki, kisha kama blenda. Mgeni akaongeza sauti. Feni zikaongeza. Nje, foleni ya mapokezi ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mbele yake mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa alikuwa akitaja jina lake kwa mara ya pili.

Fundi alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa, taratibu, kushoto na kulia.

"Na sasa," mgeni alisema, akiinua mkasi, "kabla sijakata utepe huu, niseme mambo machache…"

Hakuyasema. Mtu alipita mbele yake kama paka aliyemwagiwa maji, utepe ukaruka, na nailoni mita nzima ikapasuka kutoka juu hadi chini. Feni zikashusha pumzi. Kisha kamera zikamulika, na watu, walipoona zinamulika, wakapiga makofi. Mkurugenzi naye akapiga, meno yameumana.

Alasiri alimwita.

"Umeniaibisha mbele ya wageni."

"Ndiyo, bosi."

"Ilibaki muda gani?"

"Dakika mbili. Labda moja."

Mkurugenzi alisogeza simu yake ya mezani, ambayo mkonga wake ulikuwa bado ndani ya plastiki. "Mgeni ameuliza jina lako. Ameshukuru, anasema hotuba ilikuwa inamshinda hata yeye." Akasaini. Akaitia barua kwenye jalada la nailoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Usiikunje."

Nyumbani mkewe aliisoma barua wima, akaisoma tena ameketi, akafuta machozi kwa upindo wa khanga. Kisha akairudisha kwenye jalada lake la nailoni na kulilaza juu ya kabati.

"Mama Pacha, na hili kochi je?"

"Subiri kidogo," alisema mkewe, akaenda jikoni kutia chai.

Mumewe alisubiri mpaka alipousikia mfuniko wa birika. Halafu kutoka sebuleni ikasikika sauti ndefu ya nailoni ikichanika.