Mama Godson Aenda Kuposa Japani

Mama Godson akikuomba jambo, hakuombi, anakuarifu. Ndivyo alivyoingia dukani kwangu Fore Street, Edmonton, hapa London, bado amevaa sare ya kazi, akachukua maziwa yake na kusema, "Baba Minal, utakuwa mshenga wangu. Tunakwenda Japani."

Jina lake ni Gaudensia, Mhaya wa Bukoba, mjane, na kazi yake tangu nimfahamu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa jirani. Mimi ni Suresh, Mgujarati niliyezaliwa Mwanza, muuza duka, mwepesi wa kununa. Kilichotuunganisha ni Kiswahili. Akitoka shifti hupitia kwangu, hununua kitu kidogo, kisha huegemea kaunta na kuzungumza mpaka wateja wengine waanze kukohoa.

Mwanawe wa pekee, Godson, alikwenda Japani kufundisha Kiingereza, akampata msichana anayeitwa Ayumi. Walitaka kuoana na kuja kuishi London. Ila baba yake Ayumi, Mzee Ishida, hakusema ndiyo wala hapana. Kila akiulizwa alinyamaza, na Ayumi alishasema haondoki kwao bila kauli ya baba yake. Mama Godson akaliona jambo hilo kwa macho ya kwao: mzee wa watu ananyamaza kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumposa binti yake kwa heshima. Kijana amejipeleka mwenyewe, kama aliyetumwa mkate. Posa inataka mshenga, mtu mzima mwenye maneno. Shemeji zake wa Bukoba walikwama kwenye viza, nikabaki mimi.

"Mama Godson," nilimwambia, "mimi ni Mhindi. Sili nyama, sili samaki. Niende kwa Mjapani nikamposee Mhaya?"

"Wewe ni mtu wa Mwanza, Baba Minal. Ziwa letu ni moja. Nimeshaongea na Minal, atashika duka. Hakikisha tu passport yako haija-expire."

Sasa niseme juu ya Kiingereza chake, kwa sababu ndicho kilichotusafirisha. Alijifunza kwa wazee wa Edmonton, kwa hiyo ni Kiingereza cha polepole, cha sauti ya juu, chenye mikono. Kinakuuliza kama umekaa vizuri. Kinakusifu ukimeza kidonge. Na ndani yake kila mtu ni darling. Tulipofika Japani, mkata tiketi alikuwa darling, polisi alikuwa darling. Mimi nilipouliza njia kwa Kiingereza changu cha shule, chenye "would you be so kind", watu walitabasamu huku wakirudi nyuma. Yeye alitaja jina la mji, akanyoosha kidole na kuuliza, "This train, darling? That train?" Mtu wa stesheni akatoka kwenye kibanda chake na kutupeleka mpaka mlangoni mwa behewa.

Si kwamba alishinda kila mahali. Choo cha hoteli chenye vitufe kilimrushia maji, akatoka anakilaani kwa Kihaya. Lakini aliponiona nakula wali mtupu kwa sababu kila mchuzi una samaki, aliinuka akaingia jikoni kwa watu huku akisema "No fish, darling, no fish", akarudi na sahani ya viazi. Nilimpenda mno siku ile, nasema wazi.

Nyumba ya Mzee Ishida iko shamba, kando ya barabara iliyonyooka kama rula, mpunga kushoto, mpunga kulia, na stesheni ndogo mwisho wake. Godson alitupokea stesheni. Njiani Mama Godson akanikumbusha kwamba mama wa kijana haongei kwenye posa. Atakaa kimya, maneno yote ni yangu. Mimi na Godson tukatazamana. Yule mama kukaa kimya tulikuwa hatujawahi kukuona.

Tulikaribishwa vizuri sana. Mama Godson akatoa buni za kutafuna za Bukoba, zile ambazo kwao hupewa mgeni wa heshima. Mzee Ishida, mtu mwembamba anayechechemea mguu mmoja, akatia moja kinywani, akatafuna muda mrefu, machozi yakimlengalenga, asiiteme. Nikajua nina mtu wa adabu mbele yangu. Nikapiga moyo konde, nikasema maneno ya mshenga, Ayumi akiyatafsiri. Nilisifu ukoo wa Godson ambao siujui. Nilisifu elimu yake, tabia yake, hata urefu wake. Mzee akainamisha kichwa, akashukuru, akanimiminia chai. Nikazunguka na kuingilia upande mwingine. Chai tena. Mama Godson alitia ulimi puani kama alivyoahidi, ila goti lake lilikuwa linacheza chini ya meza. Saa ya treni ikafika, tukaaga bila jibu.

Barabarani Mama Godson alikuwa amevimba uso. "Tumemkosesha mtoto mke," aliniambia.

Kisha akageuka nyuma. Mzee Ishida, mkewe na Ayumi walikuwa wamesimama getini kwenye manyunyu, wanatutazama. Wakainama. Akawapungia mkono. Tukatembea, akageuka tena: wako palepale, wakainama tena. Barabara ile haina kona, na desturi ya kule ni kusimama mpaka mgeni apotee machoni.

"Mum, that's just what they do," Godson alisema. "Don't look back."

"Nisigeuke nyuma? Mimi mwizi?" Akasimama katikati ya barabara. "Baba Minal, wale wanatusindikiza, na sisi tumewaacha getini! Wanangoja tuwaite. Mzee wa watu ana mguu mbovu, analowa!"

Kwetu anayekusindikiza hutembea nawe, na harudi mpaka wewe mgeni umwambie inatosha, rudi. Mama Godson hakuweza kuwaza kwamba duniani kuna kusindikiza kwa kusimama. Akarudi mbio na viatu vyake vya kanisani, akamshika Mzee Ishida kiwiko kama anavyowashika wazee wake wa Edmonton. "Come, darling. Little walk. No hurry." Mke wa mzee akaziba mdomo kwa mkono. Ayumi alikuwa amekuwa mwekundu. Godson alitamani ardhi immeze. Na Mzee Ishida, baada ya kuangalia ule mkono kwenye kiwiko chake, akaanza kutembea.

Tulikwenda kwa mwendo wa mguu wake. Treni yetu ikapita tukiwa bado katikati ya mpunga, hakuna aliyeikimbilia. Mama Godson alimwonyesha mahali pa kukanyaga, akamvusha kwenye madimbwi, akamsifu. Hakutaja posa. Tulipofika stesheni tukakaa sote kwenye benchi moja refu, na hapo mzee akasema jambo kwa Kiingereza chake mwenyewe. Alikuwa amelipanga muda wote ule, nadhani hata kabla hatujafika.

"London," alisema. Akatafuta maneno. "My daughter. Sick. Far. Night." Akatutazama mmoja mmoja. "Who?"

Nilielewa mara moja, nikaona aibu kwa hotuba zangu zote. Hakuwa anasubiri kusifiwa ukoo wa mtu. Alitaka kujua mwanawe akiugua usiku katika mji usio wake, nani atakaa kando ya kitanda chake. Nikasafisha koo, maana kujibu ni kazi ya mshenga, na mama wa kijana haongei.

"Me," alisema Mama Godson. Akajigonga kifua. "Me, darling."

Mzee Ishida akamtazama. Hakuangalia upande wa Ayumi apate tafsiri. Akasimama kwa shida, akamwinamia mpaka mgongo ukanyooka kama meza, na alipoinuka akamgeukia Godson na kusema neno moja la kwao. Ayumi akaanza kulia, nasi tukajua ni ndiyo.

Treni ilipokuja, Mama Godson alisimama na kuwaambia taratibu kwamba sasa inatosha, warudi nyumbani. Mzee Ishida akatikisa kichwa. Akauchukua mkoba wa Mama Godson, akampisha mkewe apande mbele, akapanda nyuma yake, akakaa pembeni ya Mama Godson mpaka mwisho wa reli.