Ngozi ya Pikapu

Soko la Merigi linanuka kabeji zilizokanyagwa kwenye matope, na ni ndani ya harufu hiyo nilipowasikia watu kwa mara ya kwanza wakimcheka baba yangu. Walisema hataweza. Mama Mercy, aliyeuza viazi karibu na lango na ambaye sauti yake ilifika mbali kuliko kengele ya kanisa, alisema mtu aliyeshindwa na punda hawezi kuendesha biashara ya pikapu. "Chumo, punda alikutoroka ukiwa umeshika kamba," alimwambia, "na hii haina hata kamba." Wanaume waliokalia magunia walicheka mpaka mmoja akateleza chini. Baba naye alicheka, akafunga turubai, akaondoka na mzigo wake wa kwanza. Nayaandika haya nikiwa na diploma yangu ya uchukuzi, baada ya kufanya kazi Doha na kurudi nyumbani kujinunulia lori kwa jasho langu mwenyewe, na sioni haya kusema kwamba kutoka Merigi hadi Sigor simjui mtu wa rika langu aliyefika nilipofika. Lakini msimu ule nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na karibu kila kilichotokea kilinichanganya.

Kwanza, sikujua pikapu ilikuwa ya nani. Kwetu Wakipsigis, mtu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki ili wamlishie, na mpango huo huitwa kimanagan. Anayelisha hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya mwenyewe. Ng'ombe akiugua, mwenyewe sharti aambiwe. Akifa, ngozi hupelekwa kwa mwenyewe, na ikionekana hakufa kwa uzembe, hakuna anayelipa. Mzee arap Sigei, rafiki wa babu yangu, alikuwa na pikapu ya buluu iliyokaa kando ya zizi tangu mwanawe, Wilson, alipopata kazi ya ofisi mjini Kericho na kuchoka kuiendesha. Mzee hakutaka kuiuza wala kuikodisha. Alimwita Baba, akampa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, kisha akampa ufunguo. "Kamua," alimwambia. "Maziwa ni yako." Hakukuwa na karatasi wala sahihi. Niliporudi nyumbani nilimuuliza Mama ndama wa pikapu atakuwa nini. Mama alikuwa akichambua majani chai, na hakuinua kichwa. "Muulize baba yako," alisema, "naye amuulize Sigei, halafu mje nyote wawili mnifafanulie."

Ilikuwa ni majira ya mvua ndefu, zile siku ambazo ukungu unalala juu ya michai hadi karibu saa nne na barabara ya udongo mwekundu inakuwa kama sabuni. Baba alibeba kabeji za Merigi hadi Chepseon, walikosubiri wanunuzi wa barabara kuu, na mahindi kutoka Sigor. Mara nyingine aliwahamisha wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai, watu wa upande wa ziwa waliostaafu na kurudi kwao na kitanda, kochi, kuku na miaka yao yote juu ya pikapu ile ndogo. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikaa mbele kama mtoto wa mkubwa fulani. Kila asubuhi Baba alifungua boneti na kujaza maji kwenye rejeta, taratibu, akizungumza nayo kama anayemnywesha mtamba. Maziwa ya pikapu yalikuja kweli. Tulipata mabati mapya ya jikoni, na sukari haikupimwa tena kwa kijiko. Sokoni Baba alianza kuvaa kofia upande na kusema "gari langu". Lakini tulipopita kwa Mzee Sigei aliivua kofia hiyo mlangoni, akaitwa kijana, akaitika. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, nami nilimtazama baba yangu nisijue yupi ndiye yeye, yule wa sokoni au yule wa mlangoni.

Kisha pikapu ikafa. Tulikuwa tukipanda mlima kutoka Sigor na mahindi ya watu, mvuke ukapanda mbele ya kioo, injini ikapiga kelele kama sufuria iliyojaa kokoto, ikanyamaza. Fundi aliyekuja alitia kichwa ndani, akakitoa. "Imenoki," alisema. "Hii hata uiombee haifufuki." Nilidhani Baba angelia au angegombana. Badala yake, baada ya kuvutwa hadi nyumbani, alichukua spana, akalifungua boneti la buluu, akalipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, akalibeba kichwani kuelekea kwa Mzee Sigei. Mama alimsindikiza hadi kwenye ua akisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele yangu. Yeye alijua kilichokuwa hatarini. Kama Sigei angesema gari lilipwe, kitu pekee tulichoweza kuuza ni kile kipande cha michai kilichotulisha na kunilipia karo. "Unampelekea mtu bati," alimwambia Baba, "ili akusamehe injini?" Baba alijibu kwamba si bati, ni ngozi. Nilimfuata mbio, kwa sababu sikujua kati yao ni nani aliyekuwa na akili zake timamu.

Mzee Sigei alikuwa ameketi uani na Wilson, aliyekuja kupumzika Jumapili akiwa na viatu vinavyong'aa. Baba aliliweka boneti chini kwenye nyasi, taratibu, na kusema, "Chamgei, Mzee. Ng'ombe wako ameanguka." Wilson alicheka. Mzee hakucheka. Aliinama akapitisha mkono kwenye boneti lote, ndani na nje, kama anayetafuta alama ya mkuki au jino la fisi.

"Alifia wapi?"

"Mlimani, tukitoka Sigor."

"Nyama mlikula?"

Baba alifikiri. "Betri niliiuza, Mzee, nikawalipa waliotuvuta."

"Basi umekula ini," alisema Mzee. "Zingine?"

"Zingine ziko kwangu. Magurudumu yote."

Wilson alisimama. "Baba, gari si ng'ombe. Mtu akiharibu injini ya mtu analipa injini. Hivi ndivyo mambo yanavyoenda siku hizi."

Mzee alimwashiria anyamaze, akanigeukia mimi. Kwa desturi, ng'ombe akifa huulizwa pia mtoto aliyekuwa naye malishoni. "Wewe Ngeno. Asubuhi hiyo ilikunywa maji?" Nilimtazama Baba, lakini Baba alikuwa akitazama nyasi. Nikasema ndiyo, ilikunywa, na ikayamwaga yote chini kama kila siku. Hapo uso wa Baba ulibadilika, nami nikahisi nimeiuza michai yetu kwa mdomo wangu, maana hata mimi nilijua kwamba mgonjwa hutolewa habari.

"Kumbe ilikuwa inavuja," alisema Mzee. "Tangu lini, Chumo?"

Baba aliinua macho kutoka kwenye nyasi. "Tangu siku uliyonipa, Mzee. Niliona haya kukuambia. Ningemwambiaje mtu aliyenipa ng'ombe kwamba ng'ombe wake ni mgonjwa?"

Mzee Sigei aliugeuza uso wake polepole hadi kwa Wilson. Wilson alianza kusema kwamba kila gari kuukuu huvuja kidogo, kisha akaacha, akakaa, akaanza kufuta kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Nilimpa mtu ng'ombe mgonjwa," alisema Mzee, kana kwamba anayaonja maneno hayo. Aliliinua boneti, akaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake. Ngozi ilikuwa imepokelewa. Tulikunywa chai, tukaenda.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Baba aliajiriwa kuendesha lori la mtu, akaweka akiba, na baadaye akanunua pikapu yake mwenyewe, kuukuu lakini yake. Mzigo wa kwanza alioubeba ulikuwa mtamba mwekundu, akampeleka moja kwa moja kwa Mzee Sigei. Kwani unadaiwa, nilimuuliza njiani, si Mzee alikusamehe, na tena kosa halikuwa lako. Baba alibadilisha gea. "Wewe soma," alisema. Nilisoma. Mzee alimpokea mtamba bila kushangaa, na wakakaa mpaka jioni wakizungumza habari za nyasi na bei ya majani chai, wazee wawili ambao hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kumdai mwenzake.

Mimi nilianza kwa njia nyingine, njia ya mtu aliyesoma. Nilikopa kwenye sacco, kwa dada yangu na kwa kikundi cha akina mama wa kanisani, na nyumbani walisema mtu wa Doha atayumba kwenye matope yetu kabla ya Krismasi. Sikuyumba. Dawa ya deni ni kulipa, nami niliwalipa wote kabla ya wakati, ndani ya wiki moja. Dada aliandika "imeingia" kwenye simu. Akina mama waliimba wimbo mmoja. Wa mwisho walikuwa sacco, na pale dirishani msichana alinisukumia cheti cha umiliki wa lori chini ya kioo. Nilitaka kumwambia kwamba lori liko salama, halijawahi kuvuja, na kwamba mwezi ujao nitalibadilishia magurudumu ya nyuma. Nilianza kabisa kumwambia. "Mzee," alisema kwa adabu, "kuna mtu nyuma yako." Nikatoka nje, mtu asiyedaiwa na yeyote, nikasimama kando ya lori langu nikiwa na cheti mkononi, nikitafuta ni nani wa kumpelekea habari.