Kitambaa Mdomoni mwa Lori

Kikohozi kilinifikia kabla sijaona kitu. Juzi, nikiwa bado kitandani hapa Kitale, lori fulani lilikuwa likipanda mlima kwa shida, na ukungu umeficha barabara yote. Nililala pale pale nikisikiliza. Unajua, rafiki yangu, lori letu lilikohoa vivyo hivyo.

Nasema letu, ingawa lilikuwa la tajiri. Baba alikuwa dereva wake tu, akibeba tumbaku kutoka Malakisi. Akishapakia, lori lililala uani kwa nyanya, mamake mama yangu, na kesho yake likaja kwetu likinuka tumbaku na vumbi. Msimu mmoja likaanza kuishiwa petroli njiani. Tajiri akasema baba anaiuza kwa siri. Akampa mpaka Jumamosi aonyeshe ugonjwa wa lori, la sivyo arudishe funguo.

"Lori lako linakunywa kumshinda mjomba wako arusini, bana!" jirani alimtania juu ya ua.

Baba hakucheka. Jumamosi hiyo alitandaza majivu chini ya tangi aone kama linavuja, hayakulowa. Akainua magurudumu kwa jeki, akayazungusha, yakazunguka bila breki kuyakwamisha. Mama alituchomea mahindi, tukatafuna tukitazama. Ndipo baba akafungua plagi za injini. Zilikuwa nyeusi kama chungu.

"Halipati hewa, ndiyo maana linamaliza petroli," alisema.

Akapenyeza mkono kwenye mdomo unaovuta hewa ya injini, akatoa kitambaa. Kilikuwa kipande cha leso ya nyanya, kimefungwa kwa fundo lile lile la kibuyu chake cha maziwa. Nyanya alifunika kila chenye mdomo, vumbi lisiingie.

"Si umwambie tajiri?" mama aliuliza.

"Niseme mama mkwe ndiye ameliziba? Nimtaje mbele ya watu?"

Kwetu mwanamume humpisha mama mkwe njia, hata kivuli chake hakikanyagi.

"Basi sema ni wewe."

"Na nani ataweka dereva anayeziba injini yake mwenyewe?"

Mama aligeuza mahindi.

Leo nyanya hayupo. Ua wake umelimwa, na sijui lori lile lilifia wapi. Najaribu kuhuzunika, huzuni haiji. Namwona tu baba Jumamosi ile akirudi ndani, akikunja kitambaa polepole, akikitia mfukoni, akichukua funguo mezani akazirudishe. Nje, tajiri aliita. Baba akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake.