Siku Tuliyokatazwa Kupasha

Niliacha kucheza nikiwa bado kijana, beki wa kushoto wa timu moja ya Ifakara, goti likiwa limejaa maji. Viongozi wakanikabidhi kikosi cha pili na watoto, kama mtu anavyopewa kiti kibovu ili tu asisimame. Ukocha sikuusomea. Nilijifunza kwenye simu, video baada ya video, kwa bando la intaneti, mpaka wachezaji wakaniita kocha wa bando. Koni zangu ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, nazipanga kwa kufuata kamba. Moja ikipinda, siwezi kuanza mazoezi.

"Kocha, hiyo chupa haikabi mtu," winga wangu wa kulia aliwahi kuniambia. "Tuanze."

Wenzake walicheka. Nikaenda kuinyoosha kwanza.

Winga huyo alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa mkulima mjane wa Michenga. Nilituma video zake kwenye kituo cha kukuza vipaji Dar es Salaam, wakajibu aende kwenye majaribio mwishoni mwa mwezi. Mama yake akamtafutia begi la kuazima. Mimi nikaanza kuhesabu siku, kana kwamba ninayejaribiwa ni mimi.

Mpunga ulikuwa unaiva. Wakati huo nusu ya bonde huhamia mashambani kuamia ndege, na winga wa timu ya kwanza alikuwa juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, akirusha matope na kupiga makelele kutwa nzima. Hakuna kiongozi anayethubutu kumwita mtu ashuke dunguni, maana ndege hawajui ligi. Kwa hiyo kocha mkuu akaja kwangu.

"Nipe yule dogo. Jumapili tunakwenda Mang'ula."

"Sawa, ila apashe misuli vizuri. Paja lake la kulia huwa linakaza."

"Leo unanifundisha wewe?" akasema, akacheka. Nikakihesabu kicheko chake kuwa ndiyo.

Kila timu huku ina kamati ya ufundi, na kila mtu anajua kwamba ufundi wenyewe si wa pasi wala kona. Ni wazee wa dawa. Siwacheki. Nilipokuwa mchezaji niliruka kuta za viwanja kwa sababu walisema getini pametegwa, na tuliposhinda niliamini. Lakini siku hizo nilijiamulia mwili wangu mwenyewe.

Jumapili ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, na upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Coaster yetu ikaegeshwa karibu na stesheni ya Mang'ula, mbali na uwanja, na pale tukaambiwa tusubiri. Mzee wa kamati akasimama mlangoni.

"Hakuna kukanyaga uwanja kabla refa hajawaita. Wenyeji wamemwaga vitu pale."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba."

"Basi wapashe hapa hapa, kando ya gari."

"Waonekane, wenyeji wajue tumefika? Kaa chini, kocha wa bando."

Gari zima likacheka, na winga wangu akacheka pia. Nikamgeukia kocha mkuu. Huyu ana cheti cha ukocha na filimbi shingoni, na anajua msuli ni nini. Akatazama reli nje ya dirisha. Niliporudia kuomba wapashe, akaniambia kwa sauti ya chini nisimwaibishe mbele ya wazee. Nikamlazimisha winga anyooshe mguu pale katikati ya viti. Akanyoosha kwa aibu, mara mbili, halafu akaukunja.

Waliingia uwanjani wakitoka moja kwa moja kwenye gari. Mpira mrefu wa kwanza ulipopigwa upande wa kulia, winga wangu akachomoka kwa kasi yake yote, kisha akasimama ghafla kama aliyevutwa kamba kwa nyuma. Alishika paja, akakaa chini kwenye maji. Alipobebwa kutoka nje, kocha mkuu alikuwa ameshamwita wa akiba.

Tukiwa njiani kurudi, mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mmeona lakini? Walikuwa wamejipanga. Angekanyaga mapema, mguu ungekatika kabisa."

"Msuli umechanika kwa sababu ulikuwa wa baridi," nikasema. "Ni nyinyi."

"Kijana ana uchungu, mwacheni," mzee akawaambia wenzake, kwa huruma ya kweli. Ningemvumilia kama angenitukana.

Hospitali walisema apumzike wiki kadhaa, kisha aanze mazoezi ya taratibu. Nikawapigia Dar. Kwa upole kabisa wakaniambia nafasi hawawezi kuishikilia.

Nilikwenda Michenga kumwambia winga. Alikuwa amelala barazani, uzi mweusi umefungwa pajani.

"Wazee wamekuja kunifunga. Nisinyooshe mguu mpaka uzi ukatike wenyewe."

"Utabaki kilema."

"Mwanangu, usifoke," mama yake akasema. "Wao walikuja na kuku na unga. Wewe umekuja na simu."

Nikamwambia winga habari za Dar jinsi zilivyo. Akakwangua ukuta kwa ukucha.

"Kwa hiyo wazee walisema kweli," akasema hatimaye. "Mang'ula walinilenga mimi."

Nilitaka awachukie watu ninaoweza kumwonyesha kwa kidole, waliokuwa nasi garini. Yeye aliona nafuu kuwachukia wenyeji wa Mang'ula, asiowajua hata mmoja. Nikapiga goti, nikashika kisigino chake na kuanza kuuinua mguu, na uzi wake hivyo hivyo.

"Polepole, kocha."

Nikauinua polepole. Hakunizuia. Lakini kila nilipopandisha kidogo, aligeuka kutazama njia ya kuingilia uani, asije mzee akamwona.