Karla wa Maabara ya Sukari na Jibu la Chuo

Saa nne kasorobo asubuhi, Karla Rustad anachota maji ya viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari, kwenye kikombe cha kioo, anayachuja, anayamimina kwenye kipimo na kusoma namba. Anaiandika. Anaosha kikombe, anachota tena. Dirisha la maabara limefunikwa na mvuke, na harufu ya kiwanda, ile inayowafanya wageni wa mji huu wa Moorhead wazibe pua na wenyeji wasiisikie kabisa, imeshaingia kwenye nywele zake.

Simu hana mfukoni. Maabara hairuhusu simu. Zinafungiwa kwenye makabati ya chuma karibu na chumba cha mapumziko. Siku nyingine hilo halimsumbui. Leo ni Aprili kumi na tano, siku ya mwisho kwa waliopata nafasi za shahada ya uzamili kusema kama wanazichukua au wanaziacha. Karla hana ya kuchukua wala ya kuacha. Yeye ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

Wakati wa mapumziko anafungua kabati kabla hata ya kuvua glavu. Duane Pfeifer, fundi wa mitambo ya mvuke, anamtazama huku anatafuna mkate.

“Profesa, ukiikaba hivyo hiyo simu itakufa kabla haijalia.”

“Wewe kula mkate wako.”

“Si ndiyo nakula. Nakula huku nakusikitikia.”

Simu ina ujumbe mmoja, tangazo la duka la matairi. Karla anairudisha kabatini, anajimiminia kahawa na kuketi mezani na wenzake. Hakuna anayemuuliza. Wamemzoea. Tangu Februari wamekuwa wakisoma majibu usoni mwake.

Karla ana miaka thelathini na miwili na ni mzaliwa wa mji huu. Alisoma kemia, akaajiriwa kiwandani msimu uleule aliomaliza, na hakuwa na mpango wa kurudi darasani. Kilichombadilisha ni ugonjwa wa baba yake.

Lyle Rustad alikuwa dalali wa mnada wa mashine za shamba. Pande zote mbili za mto unaotenganisha Moorhead na Fargo, watu walisema Lyle anaweza kumuuzia trekta bovu mtu asiye na shamba. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi akiwa anaondoa theluji mlangoni kwa koleo. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Maneno hayakurudi.

“Anaelewa kila kitu,” anasema Karla. “Ukimtania anacheka, tena anacheka mapema kuliko wewe uliyetania. Ila akitaka kujibu, kinachotoka ni ‘Jumanne.’ Unamuuliza chai au kahawa, anasema Jumanne. Mwenyewe anajua siyo, basi anapiga goti lake kwa hasira.”

Mtaalamu wa tiba ya usemi, Bi Joan Eklund, alikuwa akija mara mbili kwa mwezi. Alihudumia wilaya tatu peke yake, akilala kwenye hoteli za barabarani. Chini ya mkono wake Lyle alipata maneno kadhaa, yakiwemo ndiyo, hapana, ngoja na jina la Karla. Kisha Bi Joan akastaafu na nafasi yake ikabaki wazi majira yote ya joto. Maneno mawili kati ya yale yakapotea tena.

“Nilikuwa nimekaa nalaumu,” Karla anasema. “Kwa nini hawaleti mtu, kwa nini hawaleti mtu. Siku moja dada yangu akaniambia, sasa huyo mtu wanayemleta si lazima awe amesomea? Nani anasomea? Usiku uleule nikaanza kutafuta vyuo vinavyofundisha tiba ya usemi.”

Dada huyo ni Denise, mkubwa wake kwa miaka saba, mpishi wa shule ya msingi upande wa Fargo na mtu ambaye hasubiri kuombwa ushauri. Yeye alikaa na baba jioni wakati Karla akisoma masomo ya maandalizi. Vuli iliyopita Karla aliomba vyuo vinne. Vitatu viko mbali. Cha nne kiko dakika chache kutoka nyumbani, na ndicho pekee ambacho angeweza kusoma bila kumhamisha baba.

Halafu kungoja kukaanza.

“Watu wanadhani kungoja ni kukaa tu,” anasema. “Mimi nilichoka kuliko msimu wa mavuno. Unaamka unafungua barua pepe. Unajiambia hutafungua tena mpaka mchana. Unaifungua ukiwa kwenye taa nyekundu.”

Jibu la kwanza lilimkuta kwenye foleni ya dukani. Alisoma neno “tunasikitika,” akafunga simu, akalipia maziwa. La pili lilikuja siku mbili baadaye kwa maneno karibu yaleyale. Chuo cha tatu hakikusema lolote hadi Machi, kikaandika kwamba usaili ulishafanyika na wasioitwa wajihesabu wamekosa.

Chuo cha nyumbani kilimwita kwenye usaili mwishoni mwa Februari, siku ya baridi kali hata gari halikuwaka na Duane akalazimika kumpeleka. Waombaji sita waliketishwa meza moja. Wakaulizwa: eleza siku uliyoshindwa kumwelewa mtu. Karla alieleza jinsi baba yake alivyopiga goti asubuhi nzima, kumbe alikuwa anamwambia kuwa jiko linawaka.

Aliyekaa pembeni yake alikuwa Marisol Treviño, mwalimu msaidizi kutoka mji wa Crookston. Walipotoka walikula supu pamoja kantini. Marisol aliposikia Karla anafanya kazi kiwanda cha sukari alicheka.

“Babu yangu alitoka Texas kuja kupalilia hivyo viazi,” alisema. “Mgongo wake haukunyooka mpaka anakufa. Wewe unavipima tu kwenye glasi?”

“Mgongo wangu nao unauma,” Karla akamjibu.

“Nyamaza bwana, kunywa supu.”

Wakapeana namba. Katikati ya Machi majibu yalitoka: Marisol kachaguliwa, Karla yuko akiba. Marisol alikuwa amechaguliwa pia na chuo cha San Antonio, huko Texas wanakoishi shangazi zake, na hakuwa ameamua. Karla alijua hilo kwa sababu Marisol alimwambia. Kila walipoandikiana ujumbe, jambo hilo lilikuwepo katikati yao, na Karla hakuligusa.

Denise aliligusa. Alichukua namba kwenye simu ya mdogo wake akamwandikia Marisol ujumbe mrefu kuhusu baba, kiharusi, na mtu mwenye vyuo viwili wakati mwenzake hana hata kimoja. Karla alijua pale tu Marisol alipompigia.

“Dada yako kaniandikia.”

“Kakuandikia nini?”

Marisol akamsomea. Karla alikuwa jikoni, akaketi sakafuni.

“Marisol, sikumtuma. Naapa.”

“Najua hukumtuma, wewe ungeandika vizuri zaidi. Nisikilize lakini. Nimeamua kubaki hapa. Mama yangu yuko Crookston, na watoto ninaowafundisha wanahitaji mtu anayejua Kihispania. Siwezi kuiacha nafasi kwa kukuonea huruma.”

“Usiiache. Mimi nisingeiacha.”

“Umenikasirikia?”

“Nimekasirika. Siyo na wewe.”

Denise na Karla hawakusemeshana kwa karibu wiki mbili. Denise aliendelea kuleta chakula kila Jumapili, bakuli la nyama na viazi lililofunikwa karatasi ya fedha, akiliacha barazani na kumgongea baba kioo cha dirisha. Anapoulizwa sasa, hajitetei sana. “Nilikosea,” anasema. “Lakini nilikuwa nimechoka kumwona anavyoitazama ile simu.”

Ndivyo ilivyofika Aprili kumi na tano. Kwa yeyote anayemjua Karla, tumaini lililobaki lilikuwa kwamba mmoja kati ya wengine waliochaguliwa, asiowajua, aseme hapana.

Zamu inaisha saa tisa alasiri. Kabatini, simu ina miito mitatu iliyokosa kupokelewa, yote kutoka nyumbani. Karla anajua maana yake, au anadhani anajua. Baba hajagusa simu tangu augue. Ile ya mezani ikilia huiangalia tu mpaka inyamaze. Kama nyumbani wanapiga, basi jirani yuko mle ndani, na kama jirani yuko mle ndani, baba kaanguka.

Anaendesha gari bado amevaa koti la maabara.

Hakuna jirani. Lyle amesimama ukumbini kwa miguu yake miwili, mkonga wa simu umelala mezani. Anamshika binti yake kwa koti na kumvuta. Karla anamuuliza kama anaumwa. Hapana. Ameanguka? Hapana, na kupiga goti. Kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto anabonyeza kitufe cha kuonyesha aliyepiga mwisho. Ni namba ya chuo.

“Ulipokea?”

“Ndiyo.”

“Wewe? Ulipokea wewe?”

“Ndiyo, ndiyo. Ngoja.” Anabonyeza tena, kuipigia namba hiyo.

Mratibu wa idara anapokea mara moja. Anaeleza kwamba alijaribu simu ya mkononi, ikawa haipatikani, maana mtandao huja na kupotea ndani ya kabati la chuma, kisha akajaribu namba ya pili kwenye maombi. Mzee alipokea. Hakumwambia habari, kwa kuwa habari ilikuwa ya Karla mwenyewe. Alimwomba tu amwambie Karla apige kabla ya saa kumi na moja.

“Alisema Jumanne mara nyingi,” mratibu anasema. “Nikamwambia sina haraka. Mwishoni akasema Karla. Akasema ngoja. Nimengoja.”

Nafasi moja imeachwa mchana huo. Anaitaka?

Karla anasema anaitaka. Anauliza kama kusema hivyo kwa simu kunatosha. Kunatosha, barua itafuata. Anakata, anaketi kwenye kiti cha baba yake, na baba anabaki amesimama kwa kuwa hana pa kukaa. Baada ya muda anampigia Denise. Ni mara ya kwanza tangu ule ujumbe. “Njoo,” anamwambia. “Leta kitu cha kula, sijapika.”

Kesho yake kiwandani Duane anamtazama kabla hajafika kwenye kabati, anarudi kwenye mkate wake. “Basi sasa nitamwita nani Profesa?”

“Mimi. Bado mwezi msimu uishe.”

Masomo yanaanza Agosti. Kiwanda kimekubali arudi zamu za Jumamosi viazi vitakapoanza kuingia Septemba; ada hailipiki kwa sifa, anasema. Denise amechukua jioni tatu za kukaa na baba. Marisol ametafuta chumba mjini na ameshamtumia Karla orodha ya vitabu vilivyotumika, pamoja na maelezo ya vitabu gani asinunue.

Karla anataka kumaliza na kuchukua zile wilaya tatu za Bi Joan, barabara ndefu na hoteli zake. Wengi humuuliza kama mgonjwa wake wa kwanza atakuwa Lyle. Karla hutikisa kichwa.

“Wagonjwa nitapata wa kunitosha,” anasema. “Huyu nataka abaki baba.”