Mke wa Mwenyekiti na Sahani ya Senene

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya Novemba 1974, Jovitha Kemilembe anakanyaga cherehani kwenye baraza la duka la ushirika, Kamachumu. Zimebaki kaptura tatu za shule, na basi la Bukoba halimngoji fundi. Majirani wanamtania: mke wa mwenyekiti wa kijiji anafuata nini mjini? Anajibu kwamba anakwenda kula.

Na ni kweli. Anakwenda na mumewe, Protase Ndyamukama, kwenye hoteli ya Zahoro karibu na soko, ambako hawajakanyaga kwa miaka tisa.

"Nimemwambia, safari hii tunakaa meza moja, tunatazamana," anasema, akikata uzi kwa meno. "Akikataa, narudi na basi lilelile."

Msomaji, usicheke. Kwa Wahaya wa rika lake, mke hali mbele ya wanaume. Na senene, wale panzi wa msimu wa mvua, wanawake huwakamata, huwanyonyoa na kuwakaanga, wanaume wakawala peke yao. Mwenyekiti akivunja hayo hadharani, habari zake zitafika kila kilabu cha pombe hadi Rubya.

Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, ndoa yao ilikuwa na miezi miwili. Protase alimpeleka mjini kuchukua cherehani hiihii, iliyokula fedha za kahawa ya msimu mzima. Njaa ikawaingiza kwa Zahoro. Bibi harusi akafanya alivyofunzwa: akageuza kiti, akampa mume mgongo, akala ndizi zake akitazama ukuta.

Zahoro, mzaliwa wa Tabora aliyekuwa na mwezi mmoja tu Bukoba, akadhani wamegombana. Akaleta sahani ya senene ya bure, akaiweka mbele ya bibi harusi na kumsihi amsamehe mumewe. Kemilembe aliona aibu kumkatalia mtu mzima. Akaonja mmoja. Kisha akamaliza sahani.

"Watamu, jamani. Nilikuwa nawakaanga tangu utotoni, kumbe sikuwajua," anasema.

Protase alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaagiza sahani nyingine. Tangu hapo, kila walipouza kahawa walirudi, mke akila amegeukia ukuta, na nyumbani hakuna aliyejua. Halafu wakaja watoto watano, ukaja uenyekiti na mikutano yake isiyoisha, safari zikakatika.

Saa sita mchana wanaingia. Zahoro ana mvi sasa, na sukari ya chai anaipima kwa kijiko maana ni ya kutafuta siku hizi, lakini anawatambua mara moja. Anauliza kama hatimaye wamepatana. Kemilembe anakaa akiwa ameelekea mlangoni, watu wote wamwone. Protase bado amesimama, kofia mkononi. Meza ya pili yupo Mzee Rutashobya, mjumbe wa kamati yake, na wanaume watatu wa kijijini.

 Kemilembe anakiri kwamba hapo alishaanza kuhesabu saa za basi.

Mumewe anavuta kiti, anakaa mbele yake, anaagiza senene, sahani moja.

"Waitu Mwenyekiti," Rutashobya anauliza kwa heshima ya Kihaya, "na mama naye anakula?"

"Anakula, mzee wangu. Kila mkutano nawaambia binadamu wote ni sawa. Leo nimeona nianzie kwangu."

Rutashobya anaguna, anarudi kwenye samaki wake. Kemilembe anakula taratibu, mmoja mmoja, na furaha imemjaa hata hawezi kuificha. Protase anamsogezea wale wanono.

Kwa sare moja Kemilembe hupata shilingi tano. Amekwishaamua kuweka akiba ya nauli ya watu watatu kwa msimu ujao. Wa tatu ni mama mkwe wake, Ma Benigna, mwenye miaka sabini.

"Amewakaangia wanaume senene maisha yake yote, na hajawahi kuonja hata mmoja," anasema. "Tutamkalisha hapa, na mwanawe ndiye atakayempakulia."