Nilimjibia Dada "Ndiyo" Kwenye Kompyuta Namba Nne

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu analo mhariri. Nyie niiteni Fundi, maana hapa Moshi mjini ndivyo ninavyoitwa. Nina miaka ishirini na mbili, shule niliishia kidato cha pili, ila kwenye intaneti kafe ninayosimamia, wenye digrii zao hunibembeleza niwafungulie barua pepe. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Ameolewa Kibosho, mwaka wa nne huu hana mtoto, na ukweni ameitwa kila jina. Kila akishusha ndizi sokoni alipitia kwangu kumwandikia daktari mmoja wa Dar. Anachapa kwa kidole kimoja, kama kuku anadonoa mahindi. Siku hiyo tovuti ya barua pepe ikauliza kama imkumbuke kwenye kompyuta ile, ndiyo au hapana.

"Inasemaje hiyo, mdogo wangu?"

"Mambo ya kizungu, dada. Mwachie mtaalamu."

Nikaweka tiki kwenye ndiyo. Nilitaka akirudi asihangaike na neno la siri, dakika zikamwishia. Ukweli ni kwamba yale maandishi madogo ya chini sikuyaelewa. Nilikuja kuyasoma baadaye kwa kamusi: usikubali kama mashine inatumiwa na wengine. Kumbe tovuti huacha kifaili ndani ya mashine, wenyewe wanakiita kuki, cha kumtambua mtu akirudi. Kifaili hakijui nani amekalia kiti.

Dada alipotoka tu, akaingia mdogo wa mumewe. Nikamkalisha palepale, namba nne.

"We kijana, mbona hii inaniita jina la dada yako?"

"Imekupenda hiyo!" nikamjibu, nikaendelea na mchezo wangu wa karata kwenye mashine ya kaunta. Alikaa nusu saa macho kwenye skrini. Aliondoka bila kuaga.

Alichosoma ni kwamba dada hana tatizo. Mwenye tatizo ni mumewe. Hospitali iliwaambia wote wawili, na dada akakubali kubeba matusi ili mumewe asichekwe. Jumapili, kwenye pombe ya mbege baada ya misa, ukoo mzima ulikuwa unajua. Jumatatu dada alirudi nyumbani kwetu na begi moja. Mumewe alimwambia, "Umenivua nguo mbele za watu."

Dada ana hakika aliyetoa siri ni rafiki yake nesi, mtu pekee ambaye dada aliwahi kumwambia kwa mdomo. Juzi nesi alikuja na maziwa, akasimama uani analia, "Shoga, naapa sijamwambia mtu." Dada hakutoka. Mimi nilikuwa ndani nakula. Niliendelea kula. Sikusikia uchungu wala aibu, ni kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi kabla ya kung'olewa jino.

Sasa, sisi Wachagga tuna sale, lile jani la mpakani mwa shamba. Ukimpelekea uliyemkosea, lazima akusamehe. Hana pa kukatalia. Nimelichuma mara tatu, na mara tatu limenyaukia mfukoni. Maana nikimpa, itambidi aseme ndiyo, na mimi nimeshamsemea ndiyo mara moja.

Lakini nesi wa watu anaadhibiwa kwa kosa langu. Nishaurini, nifanye nini: niende na sale, au niende mikono mitupu, ili dada akitaka kunikatalia aweze?